Chumvi ya Uvinza Ilikuwa ya Nani?

(Mazungumzo kwa walimu na wananchi wa Kibondo)



Vinapotajwa viwanda vya nchi hii, fikra za wasikilizaji hukimbilia Dar es Salaam, Tanga, Mwanza na Morogoro. Ni nadra mtu kukumbuka kwamba mahali pamojawapo palipofanyiwa kazi ya kiwanda kwa muda mrefu kabisa katika Tanzania pako katika Mkoa huu huu wa Kigoma. Mahali hapo ni Uvinza, mji mdogo wa chumvi uliopo pale Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi.

Wananchi wa Kibondo wana haki ya kuuzungumzia mji huo kana kwamba ni wa kwao. Malagarasi huanzia mpakani mwa Burundi, ukaizunguka nchi hii ya Buha, ukatawanyika katika mabwawa ya Moyowosi, kisha ukageuka kuelekea magharibi hadi Ziwa Tanganyika. Ruchugi nao hushuka kutoka milima ya Kasulu. Kwa hiyo maji yanayopita chini ya vilima vya Waha hayana budi kupita Uvinza kabla ya kulifikia ziwa. Na kama maji yalivyopita, ndivyo na watu walivyopita.

Siri ya mji huo ni chemchemi. Kandokando ya mito hiyo miwili maji ya chumvi hububujika kutoka chini ya ardhi, maji makali yasiyonyweka. Wakati wa masika mito hufurika na kuzifunika chemchemi kwa maji baridi na tope. Kiangazi kikiingia, mito hurudi katika mikondo yake, na hapo ndipo kazi ilipoanza katika zama za kale. Watu walizoa tope, wakayachota maji ya chumvi, wakayatia katika vyungu vya udongo, wakayachemsha juu ya mafiga mpaka maji yakaisha na umunyu ukabaki. Ni kazi rahisi kuielezea, lakini ni ngumu kuitenda. Ilihitaji wafinyanzi, wachota maji, wachochea moto, na juu ya yote ilihitaji kuni nyingi.

Mwaka 1967 wanahistoria wawili, John Sutton na Andrew Roberts, walifukua ardhi ya Uvinza. Walikuta tabaka juu ya tabaka la vigae vya vyungu, majivu, na mashimo yaliyosiribwa udongo kwa ajili ya kazi hiyo. Vipimo vya mkaa uliokutwa humo vilionyesha kwamba chumvi ilianza kupikwa hapo yapata karne ya 5 au ya 6. Maana yake ni kwamba moto wa Uvinza uliwashwa kabla Waarabu hawajajenga mji wowote katika pwani hii, na kwa takriban miaka elfu moja kabla Mreno hajaiona Kilwa. Jambo hilo lafaa kutiwa maanani na wale ambao hata leo hudhani kwamba Mwafrika alifundishwa viwanda na mkoloni. Kama kiwanda ni mahali ambapo watu wengi hukusanyika, wakagawana kazi, wakazalisha bidhaa moja kwa wingi kwa ajili ya kuuzwa mbali, basi Uvinza ilikuwa na kiwanda wakati ambapo miji mingi mikubwa ya leo ilikuwa pori.

Karne ya 19 ilipofika, sifa ya chumvi hiyo ilikuwa imeenea nchi nyingi. Burton na Speke walipita hapo Februari 1858 wakielekea Ujiji, na Burton hakukosa kuiandika. Watu walikuja kutoka Buha, Burundi, Unyamwezi na pande za ziwa, wakapiga kambi wakati wote wa kiangazi, wakapika chumvi yao kwa mikono yao, kisha wakarudi makwao wakiwa na mizigo kichwani. Katika nchi za ndani, ambako bahari ilikuwa hadithi tu, mzigo wa chumvi uliweza kununua jembe, mbuzi, nguo na hata kumaliza shauri la mahari.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba zama hizo zilikuwa za peponi. Watawala wa Kivinza walitoza sehemu ya chumvi iliyopikwa, na aliyevuka mto alitozwa hongo. Stanley alilia sana juu ya hongo hizo alipopita Uvinza na Buha mwaka 1871. Kilio chake kina upande mmoja tu, maana hakujiuliza mwenye nchi angeishije kama kila mwenye bunduki angepita bure. Kadhalika, njia hiyo hiyo ya chumvi ilikuwa njia ya misafara ya pembe na ya watumwa, na wako waliopita karibu na chemchemi hizo wakiwa na minyororo shingoni. Ukabaila ulikuwapo, na dhuluma ilikuwapo. Lakini kuna jambo moja ambalo ukabaila huo haukulifanya: haukumfukuza mpika chumvi kisimani. Mgeni wa kutoka Buha, akishatoa sehemu ya mtawala, alibaki na chumvi yake, akaiuza kwa hiari yake na kwa bei aliyoiafiki. Alikuwa mzalishaji. Hakuwa kibarua.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya zama hizo na zama za Wajerumani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni moja ya Kijerumani iliyojiita ya Maziwa ya Afrika ya Kati ilijipatia haki ya chemchemi za Uvinza. Ilileta mitambo na masufuria makubwa ya chuma badala ya vyungu. Hata jina la mahali lilibadilishwa: katika ramani za Wajerumani Uvinza inasomeka kuwa Gottorp, jina la ngome moja ya huko kwao Schleswig. (Wenyeji waliendelea kusema Uvinza, na ramani ndiyo iliyokuja kusalimu amri.) Kwa mara ya kwanza katika historia ndefu ya mahali hapo, mtu aliyekuja na chungu chake wakati wa kiangazi alikuta kisima kina mwenyewe. Kama alitaka kubaki, abaki kukata kuni za kampuni kwa mshahara wa kampuni. Kama alitaka chumvi, ainunue.

Mwanahistoria wa Kifaransa, Jean-Pierre Chrétien, aliyeandika juu ya biashara ya chumvi ya Uvinza mwaka 1978, aliyaona mabadiliko hayo kuwa ni safari ya kutoka katika kazi ya wengi hadi ukiritimba wa kibepari. Hapana shaka aliona sawasawa. Mabepari hawakuivumbua chumvi ya Uvinza. Walichovumbua ni mlango wa kuifungia.

Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, na kituo cha Uvinza kikawa juu yake. Vita ya Kwanza ilipozuka, Wabelgiji waliingia kutoka Kongo, wakaitwaa Kigoma mwaka 1916 na kusonga mbele kwa njia ya reli hadi Tabora. Waliitawala sehemu hii ya nchi mpaka 1921, ndipo Waingereza wakaipokea. Watawala watatu wa Kizungu katika muda usiozidi miaka sita! Bendera zilibadilika, lakini mpango wa kisima haukubadilika. Chini ya Waingereza kiwanda kilikuja kuwa mali ya kampuni ya Nyanza Salt Mines, na chini ya jina hilo ndipo Uvinza ilipofahamika kwa vizazi vya karibu.

Sasa na tuulize: Waha walikuwa wapi wakati huo? Jibu linajulikana katika kila nyumba ya Kibondo na Kasulu yenye mzee. Walikuwa katika mashamba ya mkonge. Serikali ya kikoloni haikuijengea Buha kiwanda wala haikuitilia mkazo mazao yake, bali iliifanya ghala la nguvu kazi. Katika miaka ya 1930 watu walihamishwa na kukusanywa kwa sababu ya malale, na mapori makubwa yakaachiwa mbung'o na wanyama. Kodi ilibaki palepale. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika lao la kuandikisha vibarua, lile SILABU ambalo jina lake lilikuja kuogopwa na kungojewa kwa pamoja, na Buha ikawa moja ya nchi zake kuu za kuandikishia. Vijana wa Kibondo walipewa namba, wakaitwa manamba, wakapakiwa katika mabehewa kwenda Morogoro na Tanga.

Treni hiyo ilipita Uvinza. Kijana wa Kiha, ambaye babu yake alishuka milimani kila kiangazi akapika chumvi yake mwenyewe na kurudi nyumbani kabla ya mvua, aliuona moshi wa kiwanda kwa dirishani, akaendelea na safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kwenda kukata mkonge wa mtu mwingine. Wako waliorejea baada ya miaka. Wako walioanzisha familia huko na hawakurejea kamwe. Ikiwa mtu anataka kuelewa umaskini wa nyanda hizi ulitoka wapi, na asiuanze katika uvivu, kama walivyopenda kusema mabwana shauri. Auanze katika dirisha hilo la treni.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, njia kuu za uchumi ziliwekwa mikononi mwa umma. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, liliundwa mwaka 1972, na kiwanda cha Uvinza kikaja kuwa miongoni mwa makampuni yake. Mwaka huo huo wa 1972 Operesheni Kigoma ilianza kuwahamishia wananchi wa mkoa huu katika vijiji. Kwa kanuni, basi, chumvi ilirudi kwa wenyewe. Ukweli, ambao gazeti la Chama halina sababu ya kuuficha, ni kwamba kurudi huko kulikuwa kwa nusu. Umma ulikuwa na hisa, lakini mchanja kuni wa Uvinza hakuona kwamba shoka lake limebadilika. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwisha kuonya kwamba mali kuwa ya umma hakutoshi ikiwa wafanyakazi hawashirikishwi katika maamuzi, na onyo hilo lilisomwa zaidi kuliko lilivyotekelezwa. Zikaja shida za mwishoni mwa miaka ya 1970: bei ya mafuta, vita dhidi ya Idi Amin, ukosefu wa fedha za kigeni na wa vipuri. Wimbi la ubinafsishaji la miaka ya 1990 lilipopiga, kiwanda kilirudi tena katika mikono ya watu binafsi.

Lipo jambo jema la miaka hiyo ya 1990 ambalo halistahili kusahauliwa. Nyanda za juu zilizo mbali na bahari zina upungufu wa madini joto katika udongo na maji, na rovu lilikuwa ugonjwa wa kawaida shingoni mwa akina mama wa milimani. Chumvi ya chemchemi, kwa uzuri wake wote, haikuweza kuliponya. Serikali ilipoweka sheria kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto, afya ya watoto ambao hawajazaliwa ililindwa kwa kiasi kidogo tu cha dawa katika gunia. Huo ni mfano wa serikali kusimama kati ya kisima na mlaji kwa faida ya mlaji, kazi ambayo haikomi kwa sababu mwenye kiwanda amebadilika.

Msitu nao una hesabu yake. Moto uliowashwa katika karne ya 5 au ya 6 ulikula miombo ya kiangazi kimoja, kisha masika yakauzima na miti ikapumua. Masufuria ya chuma na soko la reli havikuwa na adabu hiyo. Yaliyokatwa kwa karne moja ya kampuni hayawezi kulinganishwa na yaliyokatwa zama za vyungu. Na hasara ya miti hiyo haiishii Uvinza, kwa kuwa bonde la Malagarasi ni moja, na mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi ndiyo ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa, mwaka 2000, katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Jua la kiangazi lina uwezo wa kuyakausha maji ya chumvi mabwawani hadi yawe mazito kabla ya kuni kuguswa. Kila gunia linaloanzia juani huokoa mti.

Mambo mapya yanakuja. Uvinza imekuwa wilaya katika muongo wa 2010, na Daraja la Kikwete sasa limeuvuka Malagarasi, mto ambao Stanley aliuvuka kwa mtumbwi na manung'uniko. Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba wa kujenga reli kutoka Uvinza hadi Musongati, kwenye madini ya nikeli. Mji mdogo wa chumvi utakuwa njia panda ya nchi mbili, na mabehewa yatapanda kuelekea kule kule ambako wachukuzi wa zamani walipanda na mizigo yao.

Mkutano huu unapokwisha, basi, walimu na viongozi wa matawi wanayo maswali ya kuondoka nayo. Vijana wa Kibondo na Kasulu watafundishwa ufundi gani kabla reli haijaisha, ili wasiitwe tena kwa namba? Kuni na mataruma yatatoka msitu upi, na nani atapanda mingine? Ushuru wa chumvi na wa njia panda utazifikiaje shule za bonde zima? Maswali hayo yana mahali pake pa kuulizwa, napo ni katika mabaraza ya madiwani ya Kibondo, Kasulu na Uvinza, ambayo hukutana kila robo ya mwaka, na mikutano yake iko wazi kwa mwananchi yeyote anayetaka kuhudhuria.