Majibu Yetu Yarudi Nyumbani

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Isiolo)



Leo tuongee juu ya watu wa utafiti. Tunawajua. Mtu anakuja na daftari, anakaa manyattani, anauliza: una ng'ombe wangapi, watoto wangapi, wakati wa ukame mlikula nini? Tunamjibu, anakunywa chai, anaenda zake. Tena basi.

Sisemi tuwafukuze. Mwaka wa 1979 Gudrun Dahl wa Sweden alitoa kitabu juu ya maisha ya Waborana wa Waso. Hiyo ni kumbukumbu kwa wajukuu wetu. Lakini kiko kwa Kiingereza, na kilichapishwa Stockholm. Bibi asiyejua kusoma atakipataje?

Sheria ya mwaka 2013 inamtaka mtafiti awe na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali ya mambo ya sayansi. Nakala ya ripoti huenda kwa tume. Ni vizuri, lakini Nairobi si Merti. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji atapona vipi kama hajui kilichoandikwa?

Inawezekana kufanya vizuri. Hapa Isiolo wafugaji walikaa na wataalamu wakachora kwa kompyuta ramani za malisho, visima na njia za mifugo. Wazee wenyewe walisahihisha. Na Wasan wa Afrika Kusini, baada ya kuulizwa maswali miaka mingi, walitoa kanuni zao mwaka 2017: heshima, ukweli, haki.

Lakini sikilizeni: kurudisha ovyo ovyo pia ni hatari. Ikisomwa barazani kwamba boma fulani lina ngamia wengi, hata mwizi wa mifugo anasikia. Mama akieleza shida za nyumba yake, jina lake likifichwa bado kijiji kitamjua kwa hesabu ya watoto. Kwa hiyo aliyejibu asikie kwanza, aseme lipi litolewe na lipi lifichwe. Baraza lije baadaye.

Basi, kabla ya kujibu, tumuulize mgeni:

1. Leseni yako iko wapi, na kazi hii ni ya nini?
2. Utaleta matokeo lini, na kwa lugha gani? Kiborana, Kisamburu, Kiturkana? Wasiosoma wataelezwa kwa mdomo?
3. Nani atasikia kwanza?
4. Tukiona kosa, utarekebisha kabla ya kuchapisha?

Katibu aandike majibu pamoja na tarehe, mgeni atie sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na habari zetu ni mali. Na mtu akikataa kujibu asilazimishwe, hata na mwenyekiti.



Ya kujadiliana kikundini: Ni utafiti gani umefanywa kwetu? Matokeo yalirudi? Ni habari gani hatungependa zisomwe mbele ya watu wote?