Kano ya Kisigino kwa Mtu Asiyeweza Kuacha Mzigo: Kulinganisha Mazoezi ya Tiba

Mada kwa wauguzi na wahudumu wa afya wa vijiji, Mpofi



Mgonjwa ninayemzungumzia si mwanariadha. Ni mbebaji. Anapanda na kushuka milima ya Masisi na gunia mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, na kila asubuhi hatua zake za kwanza ni za kuchechemea. Ukibana kano sentimita chache juu ya kisigino, anavuta mguu. Walikale wanamjua vizuri: enzi za machimbo ya Bisie, vijana walibeba magunia ya kasiteriti ya kilo 50 wakipita msituni hadi Njingala. Mtu wa namna hiyo tunampa diklofenaki na kumwambia apumzike. Dawa inatuliza siku chache. Kupumzika hawezi, maana asipobeba, nyumbani hawali.

Tiba inayoaminika zaidi ni mazoezi. Swali ni yapi.

Yanayojulikana sana yalitangazwa Sweden mwaka 1998. Håkan Alfredson aliwapa wakimbiaji 15 kazi moja: kusimama kwa nusu ya mbele ya wayo kwenye ukingo wa ngazi, kuteremsha kisigino kinachouma polepole hadi chini ya ukingo, kisha kupanda tena kwa mguu usiouma. Mizunguko 3 ya mara 15 goti likiwa limenyooka, mingine 3 goti likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, kila siku, kwa wiki 12. Hesabu yake ni mara 180 kwa siku! Wote 15 walirudi kukimbia, ingawa kundi lilikuwa dogo na wagonjwa hawakugawanywa kwa kura.

Mwaka 2015 Beyer na wenzake huko Denmark waliwalinganisha wagonjwa 58. Nusu walifuata njia ya Alfredson, nusu walinyanyua uzito mkubwa polepole, sekunde 6 kwa kila mnyanyuo, mara 3 tu kwa wiki. Baada ya mwaka, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu sawa. Ila kundi la kwanza lilitumia dakika 308 kwa wiki, la pili 107, na hili la pili ndilo lililoruka mazoezi mara chache zaidi. Kwangu mimi shauri limekwisha hapo. Mama anayetoka shambani jioni hana dakika 308.

Mashine za Denmark hatuna, bidoni tunazo. Bidoni ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20 na zaidi kidogo, na kila lita unayoongeza ni kilo moja. Mgonjwa aifunge mgongoni kwa kamba yake ile ile, ashike mwimo wa mlango, asimame kwenye kizingiti. Apande akihesabu tatu, ashuke akihesabu tatu. Aanze na uzito unaomchosha afikapo mara 15. Zikiwa nyepesi, aongeze maji na kupunguza hesabu: 12, 10, hata 6. Baadaye atumie mguu mmoja. Akifanya haraka haraka, amefanya zoezi jingine.

Na mzigo wa soko je? Hapa Karin Silbernagel, naye wa Sweden, anatufaa kuliko wote. Mwaka 2007 alionyesha kwamba wagonjwa walioendelea kukimbia na kuruka wakifuata kipimo cha maumivu hawakupona vibaya kuliko waliozuiwa. Kipimo ni 0 hadi 10: maumivu yasipite 5, yawe yametulia kesho yake asubuhi, wala yasizidi wiki hadi wiki. Basi mbebaji asikatazwe kazi. Apunguze gunia au safari mpaka kipimo kikubali.

Anayeumwa pale kano inaposhikana na mfupa afanye zoezi kwenye sakafu tambarare, kisigino kisishuke chini ya kiwango cha vidole. Aliyesikia mlio wa ghafla kisha akashindwa kusimama kwa vidole, mlaze kifudifudi, miguu ikining'inia, ubane msuli wa nyuma wa mguu. Wayo usipojongea, kano imekatika. Huyo ni wa hospitali, si wa kizingiti. Sindano ya kotizoni ndani ya kano msiiguse.

Tena muulizeni anakunywa dawa gani. Siprofloksasini, tunayoitoa kwa homa ya matumbo kama karanga, inaweza kuumiza kano hii na hata kuikata, hasa kwa wazee na wanaotumia prednisoloni. Kisigino kikianza kuuma akiwa kwenye dozi, asimamishe dawa hiyo, abadilishiwe nyingine, na bidoni isubiri.