Usiku wa Kulala: Usanifu wa Ghala la Data za Utalii Visiwani Lamu



Ukiuliza wageni wangapi walifika Lamu mwaka jana utapewa majibu manne, na kila jibu lina ofisi ya kulitetea. Uwanja wa ndege wa Manda una orodha za abiria. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana tiketi zilizokatwa Ngomeni, kwenye jumba la makumbusho na kwenye magofu ya Takwa. Serikali ya kaunti ina leseni za biashara. Wenye hoteli na nyumba za wageni wana vitabu vyao vya kusainiwa. Hakuna anayedanganya kati yao, ila kila mmoja anahesabu kitu chake. Abiria wa Manda ni pamoja na mwalimu anayerudi likizo, askari, na fundi anayekwenda bandari mpya ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Mtalii mmoja mwenye miguu mizuri hukata tiketi tatu kwa siku mbili. Na aliyekuja kwa basi mpaka Mokowe, akavuka kwa boti, akalala kwa shangazi yake Langoni wiki nzima ya Maulidi, hakuandikwa popote.

Takwimu za taifa hazitusaidii sana hapa. Shirika la Taifa la Takwimu hukusanya siku za vitanda hotelini na kuzipanga kwa maeneo makubwa, na Lamu humezwa ndani ya Pwani pamoja na Diani na Malindi, penye hoteli kubwa kuliko zetu. Kibali cha kusafiri cha kielektroniki kilichochukua nafasi ya viza Januari 2024 kinaeleza nani ameingia Kenya. Lakini mgeni wetu wa kutoka ng'ambo huingilia Nairobi au Mombasa, na akifika kwetu ni abiria wa ndege ya ndani kama wewe na mimi.

Ninapendekeza ghala la data. Halitaleta jibu la tano. Litaweka majibu manne pamoja bila kuyachanganya, ili tujue yanatofautiana wapi na kwa nini.

Maana ya ghala

Wazo lenyewe si jipya. Barry Devlin na Paul Murphy wa IBM waliliandikia makala mwaka 1988, Bill Inmon akalitungia kitabu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Ralph Kimball akatoa chake mwaka 1996. Programu ya mapokezi hotelini ni kama meza ya dukani: inashughulika na mteja aliyesimama mbele yake sasa hivi, akiondoka inamwita mwingine. Ghala liko nyuma. Huko hakuna anayeuza. Mali huingia kwa utaratibu, huwekwa alama ya tarehe na mahali ilipotoka, na haitupwi kwa sababu tu imekuja mpya. Anayetaka kulinganisha miaka kumi huenda ghalani, hasimami mezani kuwazuia wateja.

Inmon alitaka shirika lipange data zake zote kwanza, ndipo kila idara ichote. Kimball alisema anza na shughuli moja inayoeleweka, ijenge vizuri, kisha ongeza ya pili inayotumia majedwali yaleyale ya tarehe na mahali. Kwa kaunti iliyohesabiwa watu 143,920 katika sensa ya 2019, yenye wataalamu wa kompyuta wa kuhesabika, nachagua njia ya Kimball bila kusita. Mpango wa kupanga kila kitu kwanza hufia kwenye vikao.

Mpangilio wake huitwa nyota. Katikati kuna jedwali la vipimo, yaani idadi na fedha. Pembeni kuna majedwali yanayoeleza lini, wapi, nani wa aina gani, alikuja kwa njia gani. Swali la kwanza, ambalo likikosewa mengine yote hupinda, ni hili: mstari mmoja wa jedwali la katikati unasimamia nini?

Jibu langu ni usiku mmoja, katika nyumba moja ya kulala, kwa kundi moja la wageni. Si mgeni. Mgeni hatuna njia ya uhakika ya kumfuata kutoka Manda hadi Shela hadi Kiwayu bila kumwekea alama, na nitaeleza baadaye kwa nini hatupaswi kufanya hivyo. Usiku hauhesabiki mara mbili, kwa kuwa mtu halali nyumba mbili kwa mpigo. Mapendekezo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2008 kuhusu takwimu za utalii yanamtenganisha anayelala na anayekuja kutwa akarudi, kwa hiyo hatutakuwa peke yetu. Tiketi za makumbusho zipate jedwali lao, abiria wa Manda lao, wavukao Mokowe lao. Yote yashirikiane tarehe na mahali, lakini yasijumlishwe kamwe. Programu yenyewe ikatae kuyajumlisha.

Ukubwa usimtishe mtu. Tukifanya tuna nyumba 200 za kulala, makundi manne ya wageni, siku 365 na miaka kumi, tunapata mistari 2,920,000. Kompyuta moja ya kawaida yenye programu ya PostgreSQL, ambayo haina ada ya leseni, itaibeba bila taabu. Akija mtu kutuuzia mtambo wa mamilioni, aulizwe mistari mingine ataitoa wapi.

Jedwali la tarehe

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo Lamu inapotofautiana na mifano yote ya vitabuni. Jedwali la tarehe katika ghala la kawaida lina siku, wiki, mwezi, robo mwaka na sikukuu za serikali. Kwetu halitoshi hata kidogo.

Maulidi ya Riyadha, msikiti wa Habib Saleh, hufikia kilele wiki ya mwisho ya Mfungo Sita, mwezi wa kalenda ya Hijra. Mwaka wa Hijra ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja kuliko wa miladi, basi sherehe hurudi nyuma kila mwaka. Angalieni mwaka 2016. Kwa hesabu ya kalenda, Mfungo Sita wa 1437 uliishia mwanzoni mwa Januari 2016, na ule wa 1438 ukaishia mwishoni mwa Desemba 2016 hiyohiyo. Mwaka mmoja wa miladi ukabeba wiki mbili za Maulidi. Mwaka 2017 ukabeba moja. Mchambuzi wa Nairobi anayelinganisha miaka hiyo miwili kwa kalenda ya ukutani anaweza kuandika kwamba utalii wa Lamu umeshuka, akatafuta sababu kwenye usalama au nauli, kumbe sababu iko mbinguni.

Si hilo tu. Maulidi ya Desemba 2016 yaliangukia kaskazi, hoteli za Shela zikiwa na wageni wa Krismasi. Mfungo Sita wa 2024 ulianza Septemba na kuishia mwanzoni mwa Oktoba, mbali na msimu wa Krismasi. Sherehe ni ileile, athari yake kwa bei ya chumba na ya boti si ileile. Ndiyo maana kila tarehe ghalani iwe na safu ya Hijra na safu ya msimu wa pepo, kusi au kaskazi, pamoja na safu mbili zinazotofautisha tarehe iliyokadiriwa na ile iliyothibitishwa mwezi ulipoandama. Tarehe iliyokadiriwa isifutwe, kwa sababu ndiyo watu waliyokatia tiketi.

Safu ya Hijra ina faida ya pili ambayo mabaharia wetu hawahitaji kufundishwa: bamvua hufuata mwezi, karibu na mwandamo na karibu na mwezi mpevu, na maji mafu huja katikati. Mkondo wa kwenda Takwa unapita kwenye mikoko, na chombo hufika maji yakijaa tu. Idadi ya tiketi za Takwa ikishuka siku fulani, ghala liweze kuonyesha kwanza kujaa na kupwa kwa maji, ndipo tumlaumu msimamizi.

Liko jambo dogo linaloharibu data nyingi. Daftari la gatini likiandikwa "3.00", mwandishi anamaanisha saa tatu asubuhi, na kompyuta itasoma saa tisa za usiku. Na usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa wasomaji wa Maulidi, tayari ni Ijumaa, huku kitabu cha hoteli kikiuandika Alhamisi. Kanuni za kubadili saa na siku ziandikwe mahali pamoja, zifanye kazi wakati data inapoingia ghalani, na daftari la asili libaki kama lilivyo.

Mahali, majina na misukosuko

Mahali pana tabu nyepesi kidogo. Faza wengine huiita Rasini. Shela na Shella, Siyu na Siu, Kiwayu na Kiwayuu, vyote vimo kwenye karatasi zetu. Kila mahali papewe namba moja, na majina yote yaelekezwe kwenye namba hiyo. Wadi za uchaguzi hazitoshi kwa utalii: ndani ya Mji wa Kale, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, tofauti ya Mkomani na Langoni ni kubwa kwa mwenye nyumba ya wageni, na kwa anayehifadhi majengo pia.

Nyumba ya kulala ikibadilisha mmiliki au jina, mstari wake wa zamani ufungwe kwa tarehe na mpya ufunguliwe. Usiandikwe juu ya ule wa kale. La sivyo, nyumba iliyokuwa makazi ya familia mwaka 2010 itaonekana ilikuwa hoteli siku zote, na mjadala kuhusu wenyeji kuhamishwa na biashara ya kupangisha tutauendesha kwa hisia.

Jedwali la misukosuko nalitaka liwe peke yake. Septemba na Oktoba 2011 watalii walishambuliwa na kutekwa Kiwayu na Manda. Juni 2014 lilikuja shambulio la Mpeketoni, upande wa bara, likafuatwa na amri ya kutotoka nje usiku. Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kwa sababu ya korona, zikarejea Agosti mosi. Kila tukio liwe na mwanzo, mwisho na eneo. Eneo ndilo lenye uzito: tahadhari ya ubalozi hutaja kaunti nzima au kipande chake, na Mpeketoni si Shela. Tukiweza kuonyesha kwa namba tahadhari ipi ilipunguza usiku wa kulala wapi, tutakuwa na la kuzungumza na balozi hizo zaidi ya malalamiko.

Majina ya wageni

Majina yasiingie ghalani. Pasiwe na jina, namba ya pasipoti wala simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka tukusanye kile tu kinachohitajika, lakini hata isingekuwepo, yaliyotokea 2011 yanatosha kutufundisha kwamba orodha ya nani amelala wapi ni kitu cha hatari. Kundi la uraia, aina ya safari na idadi vinatosha. Kisiwa kama Ndau kikiwa na mgeni mmoja wa nchi fulani mwezi mzima, ripoti imfiche ndani ya kundi kubwa zaidi, maana kijiji kizima kinamjua.

Nani atajaza

Usanifu wote huu unasimama juu ya mtu mmoja: mwenye nyumba ya vyumba vitano ambaye jioni anapaswa kutuma tarakimu chache kwa simu. Akiamini kwamba tarakimu zake zitaishia mezani kwa mkusanya ushuru, atapunguza. Mfuko wa Utalii hutoza asilimia mbili ya mauzo ya hoteli na mikahawa, kaunti nayo ina leseni zake. Tozo hizo ni halali, lakini ghala lisiwe chombo cha kuzikusanyia. Hilo liandikwe kwenye kanuni za kaunti kabla ya kununua kompyuta hata moja, na mwenye nyumba apate kitu kwa jasho lake: kila wiki arudishiwe ujumbe unaomwonyesha vyumba vyake vilijaa kiasi gani kulinganisha na wastani wa mtaa wake, na wiki kama hii ya Hijra mwaka uliopita.

Wageni wa Maulidi wanaolala majumbani hawatapatikana kwa njia hiyo. Kwao nashauri uchunguzi wa sampuli ya nyumba za Langoni na Mkomani, ufanywe na vijana wa mitaa hiyohiyo, matokeo yawekwe kwenye jedwali lililoandikwa waziwazi kuwa ni makadirio. Tukiwaacha nje, hesabu zetu zitasema kwamba utalii wa Lamu ni wa mapwani ya Shela peke yake, na bajeti ya vyoo, maji na boti za dharura itafuata hesabu hiyo.

Mwaka wa kwanza ufanye kazi na vyanzo viwili tu, nyumba za kulala na tiketi za makumbusho. Manda na Mokowe wangoje mwaka wa pili, kwa kuwa makubaliano na wenye data hizo yatachukua muda mrefu kuliko kuandika programu.