Kuzuiliwa Isivyo Halali: Nani Anayepaswa Kujieleza?

(Hotuba ya wakili mbele ya waumini na wanaharakati)



Mmeniomba nieleze jambo ambalo wengi wenu mmelionja kabla ya kulijua jina: kuzuiliwa isivyo halali. Sisemi juu ya mashtaka ya jinai. Nasema juu ya dai ambalo raia mwenyewe hulipeleka mahakamani, akitaka fidia kwa kunyimwa uhuru wake.

Je, ni lazima pawe na pingu na seli? Hata kidogo. Askari akuambiaye, "Hutoki humu mpaka nirudi," amekwisha kukufunga iwapo huna njia ya kutoka. Lakini ni sharti njia zote ziwe zimezibwa. Katika kesi ya Bird na Jones ya mwaka 1845, sehemu ya daraja la Hammersmith, London, ilizungushiwa ua kwa ajili ya watazamaji wa mashindano ya mashua. Bwana mmoja akazuiwa kusonga mbele, ingawa angeweza kurudi alikotoka. Mahakama ikaamua kwamba hakufungwa. Basi polisi wakiwazuia kuingia uwanjani huku barabara ya kurudi nyumbani i wazi, huenda wamevunja haki yenu ya kukutana, lakini hawajawafunga. Wakilizingira kanisa na kumkataza kila aliyemo asitoke, hilo ni jambo lingine kabisa.

Ninalotaka mlishike kuliko yote ni hili. Mlalamishi akithibitisha kwamba alizuiliwa, amemaliza kazi yake. Hahitaji kuonyesha jeraha wala hasara ya shilingi moja. Mzigo humhamia aliyemzuilia, naye sharti aonyeshe ni sheria gani iliyompa uwezo huo. "Niliagizwa na wakubwa" si jibu. Nia njema si jibu. Polisi aliyekamata bila hati sharti aeleze sababu za kuridhisha zilizomfanya amshuku mtu huyu kwa kosa lililomo katika sheria. Wateja wengi huja ofisini kwangu wakiwa wamejiandaa kujitetea, kana kwamba wao ndio washtakiwa! Hapana, ndugu zangu; katika dai hili mwenye kujieleza ni aliyeufunga mlango.

Tena, kukamatwa kulikoanza kihalali kwaweza kuharibika njiani. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 chataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani upesi iwezekanavyo, wala si zaidi ya saa 24, isipokuwa saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa. Hapo hupelekwa siku ya kazi ifuatayo. Hakimu akishaamuru mtu awekwe rumande, kuanzia hapo si polisi tena wanaomzuilia bali amri ya mahakama, na malalamiko yake huchukua sura nyingine: kushtakiwa kwa hila, ambako kuna mzigo mzito zaidi wa ushahidi.

Wala msidhani ni polisi tu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa ada, walivunjiwa haki zao, ikaamuru walipwe fidia. Wao walikwenda kwa njia ya ombi la kikatiba, lakini kisa ni kile kile: deni halimpi mtu ruhusa ya kumfungia mwenzake.

Sasa muda. Dai la madhara dhidi ya Serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12. Dhidi ya mtu binafsi, miaka 3. Waliozuiliwa katika vyumba vya chini vya Nyayo House miaka ya 1980 na 1990 walianza kupewa fidia na Mahakama Kuu mwaka 2010, nao walipitia mlango wa Katiba kwa sababu ule wa kawaida ulikuwa umefungwa zamani. Msitegemee bahati hiyo.

Kwa hiyo mwenzenu akichukuliwa, andikeni saa, kituo, nambari ya askari na ile ya kitabu cha matukio, na majina ya walioshuhudia. Andikeni siku hiyo hiyo. Sasa niko tayari kwa maswali yenu.