Chupa ya Dozi Kumi
(Mazungumzo na kamati za sharika, Sumbawanga)



Chanjo ya mtoto haiuzwi. Tangu Mpango wa Taifa wa Chanjo uanze mwaka 1975 Serikali huitoa bure, na zahanati za makanisa huitoa sawasawa na za Serikali. Sehemu yetu ni muuguzi, daftari, na jokofu lenye baridi kati ya nyuzi 2 na 8.

Ugumu uko kwenye chupa ya surua na rubela. Ina dozi 10, na ikifunguliwa hutupwa baada ya saa 6. Muuguzi akiona watoto watatu tu huogopa kupoteza dozi saba, humwambia mama arudi siku nyingine. Mama huyo pengine amepanda kutoka bonde la Rukwa, mtoto mgongoni. Wengine hawarudi. Nasi tuliwahi kuwasifu wauguzi kwa kubana matumizi! Tulikosea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja.

Mwaka 2023 mtoto wa mkoa huu aligundulika na polio itokanayo na virusi vya chanjo vilivyobadilika. Virusi hivyo huenea pale watoto wengi hawajachanjwa. Septemba ile mikoa sita ilifanya kampeni.

Tunaomba kila usharika uteue mzee wa kanisa apitie daftari la ubatizo, awakumbushe wazazi wa watoto wa miezi 9 na 18 siku ya kliniki. Wafadhili, tunaomba majokofu ya umeme wa jua. Rangi ya zahanati itasubiri.