Begi la Mlimani Hufungwa kwa Ajili ya Usiku

(Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa vikundi vya vijana, wapagazi na wakazi wa maeneo ya Mlima Kenya)

 

Wakazi wa kaunti zinazouzunguka Mlima Kenya huuona mlima huo asubuhi nyingi kabla mawingu hayajaufunika. Mazoea hayo yana hatari yake. Mgeni wa kutoka ng'ambo huja na orodha ya vifaa aliyoiandaa kwa miezi. Kijana wa hapa nyumbani naye hupanda na suruali ya jinzi, raba na sweta moja, kwa kuwa mlima ni jirani. Lakini mlima hauna jirani. Baridi yake humpata mwenyeji na mgeni sawasawa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Mji wa Nanyuki uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lenana, ambacho ndicho wapandaji wengi hukiendea, kiko mita 4,985. Tofauti ni karibu mita 3,000, yaani karibu nyuzi 18 za baridi zaidi, kabla ya kuhesabu upepo na mvua. Kwenye kambi za mita 4,200, kama Shipton's na Mackinder's, maji yaliyoachwa nje usiku huweza kuganda. Kwa hiyo begi halifungwi kwa ajili ya jua la langoni saa nne asubuhi. Hufungwa kwa ajili ya saa tisa usiku, mvua ikinyesha.

Kwanza ni mavazi. Nguo ya pamba ikilowa hukawia kukauka, na huuondoa mwilini joto ambalo mtu analihitaji. Jinzi ni mbaya zaidi, kwani hunywa maji na kuwa nzito. Mpandaji avae matabaka matatu: fulana nyepesi isiyo ya pamba karibu na mwili, sweta ya sufu au koti zito juu yake, kisha koti la mvua na suruali yake. Si lazima yanunuliwe dukani kwa bei kubwa. Kwenye mitumba ya Karatina au Nanyuki, anayesoma lebo ya ndani hupata sufu safi kwa bei nafuu. Glavu, marvin ya kufunika masikio na soksi nene jozi tatu zisikose. Jozi moja ya soksi ni ya kulalia tu, na isiguse matope. Viatu viwe vimeshavaliwa siku nyingi. Buti jipya hutoa malengelenge siku ya kwanza. Wengi huvaa gambuti kwenye tope la njia ya Naro Moru, nazo zinafaa hapo, lakini hazishiki vizuri kwenye mawe na barafu ya juu.

Pili ni upangaji. Mfuko wa kulalia na nguo za usiku huwekwa chini kabisa. Vitu vizito, kama chakula na jiko, hukaa katikati karibu na mgongo, ili begi lisimvute mtu nyuma. Juu kabisa hukaa koti la mvua, kwa sababu mvua ya mlimani haimsubiri mtu apekue begi. Tochi ya kichwani iwe kwenye mfuko wa pembeni pamoja na betri za akiba. Safari ya kwenda Lenana huanza usiku wa manane ili kufika alfajiri, na mkono wa mtu asiye na glavu haupekui begi muda mrefu. Simu na betri zilale ndani ya mfuko wa kulalia, maana baridi huzimaliza nguvu.

Kila kitu kisichotakiwa kulowa kiwe ndani ya mfuko usiopenya maji, unaotumika tena na tena. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga na misitu inayolindwa. Chupa ya maji ya dukani huachwa nyumbani, na chupa ya kudumu hubebwa.

Tatu ni chakula. Huko mita 4,200 maji huchemka yakiwa na takriban nyuzi 86, si 100. Githeri mbichi au ndengu kavu hazitaiva hata gesi ikiisha. Hubebwa vyakula vya kuiva haraka: unga wa uji, shayiri, tambi, pamoja na njugu, mayai ya kuchemsha na chapati. Hesabu iongezwe siku moja ya akiba. Mwaka 1943 mfungwa wa vita Mwitaliano, Felice Benuzzi, alitoroka kambi ya Nanyuki na wenzake wawili ili kuupanda mlima huu kisha warudi kambini. Walijitengenezea vifaa vya chuma na kamba kwa siri, na Benuzzi na mwenzake mmoja wakafika Lenana. Vifaa havikuwaangusha, ila chakula kiliwaishia wakarudi na njaa kali.

Jiko liwe la gesi. Moto wa mwaka 2012 na ule wa 2019 uliteketeza sehemu kubwa za mlima, na ndiko yanakoanzia maji ya mito yetu. Jiko lolote, la gesi au la makaa, lisiwashwe ndani ya hema lililofungwa. Hewa yake huua watu wakiwa usingizini.

Nne ni mpagazi. Huyu ni kijana wa vijijini mwetu, naye hubeba mfuko wa mgeni wa kulalia huku wake ukiwa blanketi jembamba. Kikundi kinachokodi wapagazi kikague mavazi yao langoni kama kinavyokagua hema. Asiye na koti la mvua na mahali pakavu pa kulala asipandishwe mpaka apatiwe.

Mwisho, kuna kitu kisichoingia begini, nacho ni muda. Mwenye kuumwa kichwa na kutapika asiendelee kupanda. Akipepesuka, akichanganyikiwa au akikosa pumzi hata akiwa amekaa, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku. Dawa za maumivu hazichukui nafasi ya kushuka.

Wiki moja kabla ya safari, mpandaji na alale usiku mmoja nje, uani kwake, kwa vifaa vile vile. Amwagie begi ndoo ya maji, kisha afungue aone kilicholowa. Awashe jiko gizani akiwa na glavu. Kasoro inayoonekana uani hurekebishwa kwa shilingi chache. Inayoonekana Mackinder's saa tisa usiku hairekebishiki.