Kabla ya Kizimbani

Kijana akipandishwa kizimbani kwa wizi, taarifa ya habari huanzia hapo. Sisi turudi nyuma kidogo. Pale stendi ya Babati, mkoani Manyara, basi la Singida au Arusha likisimama tu, watoto huinua mayai ya kuchemsha na karanga hadi dirishani, saa ambazo wenzao wako darasani. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, sawa. Sare na madaftari bado ni mzigo wa mzazi. Humuhumu mkoani, machimbo ya tanzanaiti ya Mererani yaliwahi kuwatumia watoto walioitwa nyoka, kwa kutambaa kwenye mashimo membamba.

Wengi wa watoto hawa wa stendi hawaibi kitu, na umaskini si kosa la jinai. Ila mtoto wa mwenye duka akidokoa, baba hulipa, yakaisha nyumbani. Wa stendi huishia polisi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfunga jela aliye chini ya miaka 18. Badala yake hupelekwa shule ya maadilisho, Irambo, huko Mbeya. Mama muuza mbogamboga wa Babati atakwenda kumtazama kwa nauli ipi?